Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye
Mgonjwa wa saratani ya mapafu hapewi dawa inayolenga jeni ya EGFR mpaka uvimbe wake upimwe na kuonekana kwamba jeni hiyo imebadilika. Asiyelipiwa kipimo, basi, amenyimwa dawa pia. Jimbo la Illinois, Marekani, lilitenda haki mwaka 2021 lilipopitisha sheria ya kuzitaka kampuni za bima zilipie vipimo hivyo. Majimbo mengine yakafuata. Lakini sheria ya taifa ya mwaka 1974, ERISA, inaikinga mipango ya bima inayogharimiwa na waajiri wenyewe, kwa hiyo amri za majimbo haziifikii. Wagonjwa wawili, mtaa mmoja, saratani ileile: mmoja analipiwa, mwenzake anaweza kuambiwa atoe mfukoni. Huo ni uonevu, na Bunge la Marekani lina mamlaka ya kuukomesha. Liukomeshe.