Tupimie maji ya Mbinga papo hapo



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni kuhusu maji ya vijito vya Mbinga.

Msimu wa kahawa ukifika, mashine za kumenya hutumia maji mengi. Yanapotoka huwa yamebeba sukari, tindikali na kemikali za jamii ya fenoli. Yakiachwa kuingia kijitoni, huoza, humaliza oksijeni na samaki hufa. Wanafunzi wangu huchota maji chini ya mashine hizo, nasi kipimo chetu ni macho na pua tu. Sampuli ikipelekwa maabara mbali, jibu hurudi wakati maji yenyewe yamekwisha teremka Ziwa Nyasa.

Wataalamu wamegundua njia ya mkato. Uyoga fulani unaoozesha magogo hutoa kimeng'enya kiitwacho lakasi. Kimeng'enya hicho hupakwa kwenye kipande cha kupitisha umeme. Kikichovywa katika maji yenye fenoli, hutokea umeme mdogo ambao kifaa huusoma kwa tarakimu.

Hili si jambo la ajabu. Vifaa vingi vya kupimia sukari ya damu hutumia kimeng'enya kinachotokana na kuvu, na chanzo chake ni kazi ya Clark na Lyons wa Marekani ya mwaka 1962. Ikiwa tone la damu hupimwa zahanati kwa muda mfupi, tone la maji lina kosa gani?

Sisemi kifaa hiki kinamaliza yote. Lakasi haitambui vijidudu vya kuhara, haitofautishi vizuri fenoli moja na nyingine, na joto kali huiharibu. Kwa hiyo kifaa kitoe tahadhari, maabara ithibitishe.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini sheria bila kipimo ni mizani isiyo na mawe.

Naishauri Wizara ya Maji, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa na vyuo vikuu vyetu wavijaribu vifaa hivi Mbinga kwa msimu mmoja. Kamati za maji zifundishwe kuvitumia, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji. Wenye mashine nao wachimbe mashimo ya kutulizia maji machafu.

Wamatengo walizuia udongo usimomonyoke milimani kwa kilimo cha ngoro. Wakipewa kipimo mkononi, hawatashindwa kulinda maji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga, Ruvuma.