Bibi Harusi, Nawe Shika Usukani



Msimu wa harusi ukikaribia, mabibi harusi hutuuliza fungate waende hoteli gani. Kwa dada wa kisiwani anayeolewa Moshi, sisi jawabu letu ni jengine: hoteli iacheni. Baada ya nikaha chukueni gari, muendeshe wenyewe, mteremke mpaka Saadani.

Kwa nini Saadani? Kwa sababu dada aliyekulia pwani akihamia kwenye migomba chini ya Kibo, na baridi ya mwezi wa Julai, na mawifi asiowazoea, kitu cha mwanzo atakachokikosa ni bahari. Saadani ipo baina ya Pangani na Bagamoyo, ng'ambo yake ni Unguja. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na nyika yake inafika mpaka ufukweni. Utaona twiga na kuro, utaona viboko na mamba katika mto Wami, na ufukwe wa Madete ndipo kasa wanapotaga. Kijiji cha Saadani ndicho alichokitawala Bwana Heri, aliyewapinga Wajerumani mwaka 1888 na 1889. Mume atakuwa amekupeleka kwenu, na wewe utakuwa umemuonesha kwenu.

Lakini zaidi ya wanyama, tunaisifu njia. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar, na katika aliyoulizwa ni kama aliwahi kusafiri naye. Safari humfunua mtu. Kutoka Moshi mtapita Himo, Mwanga, Same, Mombo na Korogwe mpaka Segera, zaidi ya kilomita 250, kisha mtashuka hadi Mandera na kuiacha lami. Tairi likipasuka juani utamjua mumeo. Adhuhuri ikiingia utajua kama anasimama mwenyewe au mpaka akumbushwe. Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Akisimamishwa na trafiki, utasikia anavyojibu. Hotelini anajibu mhudumu, na nyinyi mnarudi nyumbani hamjuani.

Naye akujue wewe. Ndiyo maana tunasema ujifunze kuendesha kabla ya harusi, na njiani mpokezane. Utakwenda kuishi mlimani. Usiku mtoto akishikwa na homa na baba yake yupo safarini, gari likiwa uani na hujui kuliwasha, utafanya nini? Tunahesabu pesa za kanga, za hina na za mapambo ya ukumbi. Ada ya kujifunza udereva nayo iwekwe kwenye bajeti.

Mama zetu watasema bibi harusi wa fungate hatoki ndani. Tunawaheshimu, lakini makusudio ya fungate ni stara na kuzoeana. Mtu na mumewe peke yao ndani ya gari wana stara kuliko kwenye bwawa la kuogelea la hoteli lenye wageni mia. Na Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya kile cha mgeni, na hifadhi ina vibanda vyake vya kulala. Ndoa isianze na deni la siku saba za kujionesha.

Mjiandae vizuri. Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta, na msiende wakati wa masika, udongo ule ukilowa unanasa. Fikeni getini kabla ya jioni. Ndani ya hifadhi msishuke kwenye gari ila pale panaporuhusiwa. Bebeni chakula chenu, mswala, na dumu la maji ya udhu. Adhuhuri, Alasiri na Isha mnaweza kuzipunguza ziwe rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mkikusudia kukaa pahala pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo huondoka.

Dada mpenzi, kabla hujauliza bei ya hoteli, muulize mchumba wako mbele ya walii wako: je, utaniachia usukani kutoka Same mpaka Mombo? Jawabu atakalotoa litakufaa hata kama hamtofika Saadani.

Wabillahi tawfiq.