Paka Aliaye Njaa Kila Saa

Mwenye ghala la mahindi ajua faida ya paka. Lakini paka akilia jikoni kila saa, wengi humwongezea chakula hata akanenepa mno. Yafaa kujua kwamba kilio si njaa sikuzote. Paka hujifunza upesi kuwa akilia hupewa.

Kwa asili yake hula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Basi pima asubuhi chakula cha siku nzima, ukigawe mara 3 au 4, wala usiongeze. Mpe nyama, au samaki asiyetiwa vitunguu. Ugali mtupu hujaza tumbo tu, na maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa.

Kila juma mpapase mbavu. Zikigusika kwa urahisi, chakula chatosha. Zikifichwa na mafuta, punguza polepole, kwa kuwa paka mnene akikosa chakula siku chache aweza kuugua ini. Akila sana huku akikonda, huenda ana minyoo au maradhi mengine. Mwone daktari wa mifugo.

Wala usimnyime ili awinde. Aliyeshiba huwinda pia. Mwenye njaa huiba, au huhama.