Hesabu ya Dawa Pwani ya Cabo Delgado
Ndugu askari, tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, kazi yenu hupimwa kwa barabara zilizofunguliwa. Kazi ya mganga je? Zahanatini mmoja huandika dawa, wa pili huzitoa, wa tatu hutunza bohari. Kijijini yote hayo humwangukia mtumishi wa afya wa kijiji, ambaye Msumbiji ilianza kumfunza mwaka 1978: hupima malaria, hutoa vidonge, hujaza daftari. Kumpima kwa idadi ya vidonge tu ni dhuluma, kwa maoni yetu. Pengo daftarini laweza kutokana na msafara uliokwama njiani au, tuseme wazi, na mwenye bunduki aliyejichotea mkobani. Asindikizaye masanduku ya dawa hadi Palma naye yumo katika hesabu hiyo.