Mvua Haingoji Wataalamu Wakubaliane
Kutoka Kapata, na Mwamba Kalenga

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Kapata, mtaa wa mji wetu wa migodi, kazi ni ileile kila mwaka: akina mama wanapanga mifuko ya mchanga mlangoni, vijana wanashika majembe kuzibua mtaro uliojaa udongo mwekundu na chupa za plastiki. Ukiuliza mbona mtaro hautengenezwi, siku hizi unajibiwa kisomi: tabianchi inabadilika, mvua haitabiriki, tungoje utafiti.

Ni kweli mvua haitabiriki. Wanasayansi wanakubaliana kwamba joto litapanda, na kwamba kila nyuzi 1 ikiongezeka hewa hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua kubwa zitazidi ukali. Lakini kuhusu jumla ya mvua ya mwaka katika bonde la Kongo, modeli zao zinapingana. Sababu mojawapo tunayo wenyewe: vituo vingi vya kupima mvua vilivyokuwapo kabla ya uhuru vilikufa.

Hata hivyo, hatuhitaji modeli kujua maji yatapita wapi. Yatateremka palepale yanapoteremka kila msimu, pale watu walipouziwa viwanja. Mtaro ukizibuliwa, mvua ikizidi nyumba zitapona. Ikipungua, tumewapunguzia mbu mazalio. Miti ya kwenye mteremko itashika udongo, na jua likikaza itatupa kivuli. Kazi hizi hazina hasara, mvua ije vyovyote. Utafiti tuungojee kwa mambo makubwa, kama vile mabwawa ya N'Zilo na Nseke yatatupa umeme kiasi gani mto Lualaba ukipungua.

Tusiambiwe fedha hakuna. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2018 imeweka mrabaha wa asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, kobalti ikiwa mojawapo, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya mji, komini, sekta au usultani wenye mgodi. Migodi yenyewe huweka pampu shimoni kabla ya mvua, bila kungoja uhakika.

Meya naye afanye hivyo. Kabla ya Oktoba, abandike kwenye ofisi ya kila mtaa orodha ya mitaro itakayozibuliwa, kwa franka ngapi na kufikia tarehe gani. Kisha kila shule ya Kapata ipewe kipima mvua na daftari, wanafunzi waandike kipimo kila asubuhi. Utafiti tunaoambiwa tuungoje hautapata takwimu za Kapata pengine popote.