Insha na Kazi ya Kompyuta

Hapa shuleni wako wenzetu wanaodharau insha. Husema, "Mimi nitakuwa fundi wa programu za kompyuta, hesabu yanitosha." Naona wanajidanganya.

Programu unayoiandika leo, kesho itarekebishwa na mtu asiyekujua kabisa. Kiasi fulani ukikiita "k", mashine itapiga hesabu barabara. Ukikiita "karo_iliyobaki", mashine itapiga hesabu ile ile, lakini sasa na mwenzako ataelewa. Ndiyo maana Donald Knuth wa Marekani, bingwa wa elimu hii, alifundisha mwaka 1984 kwamba programu yafaa kuandikwa ili watu waisome, wala si kuiamuru mashine tu.

Fundi asiyeeleza alilofanya ni kama daktari aliyempa mgonjwa dawa asiandike ni dawa gani. Atakayempokea mgonjwa huyo atabahatisha tu.

Basi wenzangu, siku ya insha tusijifiche nyuma ya vitabu vya hesabu. Nanyi kaka zetu mliohitimu mkaingia katika kazi hiyo, tuandikieni humu mtuambie: je, nimekosea?