Katikati ya ziwa hamna kitu

JICHO LA UFIPA
Na Deogratias Sichalwe

Kiangazi kilichopita niliteremka Kasanga, nikamkuta nahodha wa boti ya mizigo akifungasha simu yake. Simu ya kitochi. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akapiga fundo, akautia ule mfuko ndani ya mwingine, kisha akauning'iniza shingoni. Laini anazo tatu: ya kwetu, ya Zambia na ya Kongo. Boti ilikuwa imesheheni saruji ya kwenda Moba.

"Hapa natumia ya nyumbani, mzee. Nikikaribia kule natia ya Kongo. Katikati hamna kitu."

Na injini ikizimika hapo katikati?

Akacheka. "Tunasubiri mwenzetu apite."

Sisi wa Sumbawanga, tunaoishi kwenye mita kama 1,800, tunasahau kwamba ziwa liko mita 1,000 chini yetu. Milima ileile inayotupa ubaridi huu ndiyo inayouzuia mnara wa simu usiwaone walioko majini. Na maji yenyewe si bwawa: Tanganyika ina urefu wa kilomita zipatazo 670.

Baharini wenzetu walishamaliza habari hii. Tangu Februari 1, 1999, meli ya mizigo ya tani 300 au zaidi inayokwenda nchi nyingine hairuhusiwi kusafiri bila vifaa vya mawasiliano ya dharura. Ikienda mbali na redio za pwani, iwe na setilaiti au redio ya masafa marefu. Shirika la Inmarsat liliundwa mwaka 1979 kwa ajili ya meli hasa, na setilaiti zake zimetulia juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka hapa tulipo. Iridium wanazo 66 zinazoizunguka dunia kwa chini zaidi, kilomita 780 hivi. Mitandao yote miwili inafika Ufipa usiku na mchana. Boti ya Kasanga nayo inavuka mpaka wa nchi, ila sheria ile ni ya bahari na ya vyombo vikubwa.

Pembe hii inajua habari ikichelewa inakuwaje. Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha Ulaya Novemba 11, 1918. Jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilikuja kuweka silaha chini tarehe 25, hapo Mbala tu, ng'ambo ya mpaka.

Wenye boti wataniambia simu ya setilaiti ni ghali, na kuipigia ni ghali zaidi. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi kila boti inunue yake. Bandari iwe nazo chache, nahodha atie saini anapoondoka, airudishe akirudi. Wala si lazima apige soga. Ujumbe mfupi unaosema yuko wapi unatosha.

Kinachoniudhi mimi ni upande wa pili wa simu. Kituo cha kuratibu uokoaji majini kiko Dar es Salaam, chini ya TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini. Hata wakipokea papo hapo, atakayemfuata nahodha ni boti iliyoko Kasanga au Kipili, yenye mafuta ndani ya tangi na mtu anayelala jirani nayo. Bila hiyo, tutakuwa tumemnunulia mtu simu ya kuagia.

Pepo kali za kusini huanza Mei. TASAC, nanyi TCRA mnaosimamia mawasiliano, njooni mkae na wenye boti wa Kasanga, Kipili na Kabwe kabla ya mwezi huo.